Orodha iliingia, majina yakaharibika: kisa cha ritifaa kwenye SACCOS ya Dar es Salaam

SACCOS moja ya Dar es Salaam, yenye matawi Chang'ombe, Kariakoo na Mbagala, iliamua kuachana na orodha za Excel zilizokuwa zikizunguka kwa flashi na WhatsApp, ihamie kwenye mfumo mmoja unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Kila tawi lilitakiwa kuleta orodha ya wanachama wake katika faili la CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake zinatenganishwa kwa mkato. Mafaili yaunganishwe, yaingizwe, huduma ianze. Jina la chama silitaji, na wahusika nawaacha bila majina. Kisa chenyewe nakieleza kwa kirefu kwa sababu kimebeba karibu kila aina ya uharibifu wa herufi unaoweza kulikuta faili la Kiswahili, na kwa sababu waliosumbuka ni watu wa kawaida waliokuja dirishani na vitabu vyao vya akiba mkononi.

Data zilipoanza kuingizwa, mfumo uligoma. Kijana aliyesimamia kazi hiyo alipata ujumbe huu:

`ERROR: invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x92`

Maana yake ni kwamba hifadhidata inatarajia maandishi yaliyoandikwa kwa UTF-8, ambao ni usimbaji mmojawapo, yaani kanuni ya kuandika herufi kwa namba ziitwazo baiti, lakini imekuta baiti 92, kwa hesabu ya heksadesimali (ya msingi wa 16), imekaa mahali ambapo kanuni za UTF-8 haziiruhusu. Ujumbe ulitaja hadi namba ya mstari. Kijana aliufungua mstari huo kwenye Excel, akaona jina la mtu na anwani ya Chang'ombe, vyote vizima. Akatafuta ufumbuzi mtandaoni, akakuta ushauri ulioenea sana: uambie mfumo kwamba faili ni la usimbaji mwingine, LATIN1. Akabadilisha neno moja kwenye amri, akaiendesha tena, mistari yote ikaingia bila kelele. Meneja akaambiwa kazi imekwisha.

Haukupita muda, mama mmoja wa Chang'ombe akaja kumdhamini mwenzake aliyeomba mkopo.

"Shikamoo mama. Nitajie jina la ukoo."

"Marahaba mwanangu. Ng'wandu."

Karani akaandika Ng'wandu. Mfumo ukajibu hayupo. Akaandika Ngwandu, hayupo. Akafungua orodha ya tawi zima, akateremka nayo kwa jicho mstari baada ya mstari, akamwona: Ngwandu, namba ya uanachama ileile iliyo kwenye kitabu. Mtu yupo, akiba ipo, ila mfumo haumwoni. Na kwa kuwa mdhamini huunganishwa na mkopo kwa kutafutwa jina, mkopo wa yule mwenzake ulikwama hapohapo.

Nilipoitwa kuangalia, malalamiko yalikuwa yameshakuwa mengi, na yalitofautiana kutoka tawi hadi tawi. Majina ya Mbagala yalikuwa na herufi â katikati, isiyo na asili. Ya Kariakoo yalikuwa na msururu mzima wa takataka kama `Ã¢â¬â¢`. Chang'ombe walionekana safi, wakalalamikia tu kwamba "kitafutio hakifanyi kazi". Ofisini walishakubaliana kuwa mafaili mabaya ni ya Kariakoo na Mbagala, na la Chang'ombe ni zima. Jambo hilo niliona lazima liwekwe sawa kabla ya mengine yote, kwa maana faili la Mbagala ndilo lililofika likiwa zima kuliko yote, na yale ya Chang'ombe ndiyo majina yaliyoharibika kwa namna mbaya zaidi: yasiyoonekana.

Kwa nini Kiswahili, tena kwa alama moja

Wengi wanaofanya kazi na data hapa mjini hawajapata kuhangaika na usimbaji wa herufi, na sababu iko wazi. ASCII, usimbaji wa kale uliotoka Marekani mwaka 1963, ina nafasi 128 tu, lakini nafasi hizo zinatosha kuandikia Kiswahili chote: a hadi z, tarakimu, nukta, mkato, na ritifaa, yaani alama ' iliyo kwenye ng'. Mifumo karibu yote iliyokuja baadaye, ikiwemo Windows-1252 ya Microsoft na UTF-8, iliziacha nafasi hizo 128 kama zilivyo. Kwa hiyo faili la Kiswahili linaweza kusomwa kwa usimbaji usio wake na bado likaonekana sawa, ukurasa baada ya ukurasa, hadi ufike kwenye ng'.

Ritifaa ya kwenye kibodi imenyooka; ni namba 39, yaani 27 kwa heksadesimali, na imo ndani ya ASCII. Lakini Microsoft Word huipinda yenyewe unapoandika, na simu za iPhone zinafanya hivyo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Ikishapinda si herufi ileile tena. Imetoka ndani ya ASCII, na kuanzia hapo kila usimbaji una namna yake ya kuiandika. Dar es Salaam ina watu wa kila mkoa, na orodha yoyote ya wanachama itakuwa na anwani za Chang'ombe, watu waliozaliwa Nyang'hwale, Mang'ula na Hanang', na majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w. Ukiacha majina ya wageni, ambayo nitayafikia, ugonjwa wote wa faili kama hili unakaa kwenye alama hiyo moja.

Kuangalia baiti

Faili la maandishi halina herufi ndani yake. Lina baiti, na herufi ni tafsiri. Ndiyo maana kulifungua kwenye Excel ili kuona lina nini hakusaidii: Excel inakuonyesha tafsiri yake, haikuonyeshi faili. Kwenye Linux kuna `xxd`, zana ya kuonyesha baiti zenyewe. Kwenye Windows, PowerShell ina `Format-Hex`. Nilianza kwa kutafuta mistari yote yenye baiti zilizo nje ya ASCII:

`LC_ALL=C grep -nP '[\x80-\xFF]' yote.csv`

Kisha nikachukua neno moja linalopatikana katika matawi yote matatu, Chang'ombe, kwa kuwa wakazi wake wamejiunga kila mahali, nikalitazama baiti kwa baiti. Katika sehemu ya tawi la Chang'ombe:

`43 68 61 6e 67 92 6f 6d 62 65`

Katika sehemu ya Mbagala:

`43 68 61 6e 67 e2 80 99 6f 6d 62 65`

Na katika sehemu ya Kariakoo:

`43 68 61 6e 67 c3 a2 e2 82 ac e2 84 a2 6f 6d 62 65`

Herufi za pembeni ni zilezile kote. Ritifaa ndiyo imeandikwa kwa baiti moja, kwa baiti tatu na kwa baiti nane. Ukiiona mistari hii mitatu pamoja, mjadala wa "tuchague usimbaji gani" unakwisha, maana faili hili halina usimbaji mmoja. Ukisema ni UTF-8 litagoma kwenye baiti 92. Ukisema ni Windows-1252, Mbagala itaharibika. Ukisema LATIN1 litaingia lote, na litaharibika lote.

Hapa inafaa kueleza kwa nini LATIN1 haigomi kamwe, kwa sababu ushauri wa kuitumia bado unasambazwa kwa nia njema. ISO 8859-1, ambayo ndiyo LATIN1 yenyewe, ina tafsiri kwa kila baiti, kuanzia 00 hadi FF. Hakuna faili duniani ambalo inaweza kulikataa, hata picha, hata wimbo. Baiti 80 hadi 9F inazichukua kuwa herufi za udhibiti, ambazo hazichorwi kwenye skrini. Windows-1252 inafanana nayo kwingine kote, ila karibu nafasi zote hizo za 80 hadi 9F ilizijaza alama zinazoonekana: alama za kunukuu zilizopinda, alama ya yuro, alama ya biashara, na kwenye 92, ritifaa iliyopinda. Faili la Chang'ombe lilikuwa la Windows-1252. Liliposomwa kama LATIN1, kila ritifaa iligeuka herufi ya udhibiti isiyoonekana. Jicho la karani liliona Ngwandu, herufi saba. Hifadhidata ilihesabu nane. Hakuna kitu ambacho karani angeweza kuandika kwa kibodi yake kikalingana na jina hilo.

UTF-8 ni kinyume cha hayo. Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni mwaka 1992 waliiwekea mpangilio mkali: baiti yoyote iliyo juu ya ASCII ama inaanzisha herufi na kutaja baiti ngapi zinaifuata, ama ni ya kufuata, na ya kufuata haiwezi kusimama peke yake. Baiti 92 ni ya kufuata. Iliposimama peke yake baada ya g, mfumo ulikuwa na haki ya kugoma. Ukali huu ni zawadi. Faili lenye alama zilizo nje ya ASCII likipita kipimo cha UTF-8 bila kulegezwa, karibu hakika ni UTF-8, kwani maandishi ya usimbaji mwingine hayaangukii mpangilio huo kwa bahati. Likikataliwa, umeshajua jambo la kweli kuhusu faili, na ujumbe wa kosa umekupa baiti ya kuanzia uchunguzi. Ndiyo maana naukasirikia kwa dhati ushauri wa kuunyamazisha ujumbe huo. Faili kuingia si ushahidi kwamba limesomwa sawasawa.

Viungio

Swali lililofuata: sura tatu zimefikaje ndani ya faili moja? Faili lenyewe lilijibu. Baiti ya mwisho kabisa ilikuwa 1A. Hiyo ni alama ya kale ya mwisho wa faili, na amri ya `copy` ya Windows huiongeza inapounganisha mafaili ya maandishi kuwa moja. Katikati ya faili, kabla tu ya mstari mmoja wa vichwa vya safu uliojirudia, kulikuwa na baiti `ef bb bf`. Hizo ni alama ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili kutangaza kuwa ni UTF-8. Ukiikuta katikati, ujue hapo palikuwa mwanzo wa faili jingine.

Kwa hiyo `changombe.csv`, `kariakoo.csv` na `mbagala.csv` yalishonwa pamoja yakiwa ghafi, kila moja na usimbaji wake. Kosa hili ni rahisi mno kutendeka, kwa sababu kuunganisha kunaonekana ni kazi ya mkono tu, si kazi ya kusoma. Kanuni niliyoiacha pale ofisini ni kwamba kila faili lisomwe kwa usimbaji wake kwanza, ligeuzwe kuwa UTF-8, ndipo liunganishwe na mengine.

Nikaomba mafaili ya mwanzo kama yalivyotumwa na matawi. Hapo nakiri umuhimu wa tabia moja ya mhasibu wa Chang'ombe, dada makini sana, ambaye hafuti kiambatisho chochote alichowahi kutuma. Bila barua pepe zake tungekata faili kwenye viungio kwa kukisia. Tulipopata yote, historia ya kila tawi ikajulikana.

Chang'ombe walikuwa na orodha ya Excel ya miaka mingi. Iliposevuwa kama CSV ya kawaida, Excel iliandika kwa usimbaji wa Windows wa kompyuta ile, yaani Windows-1252. Kwa upande wa usimbaji, faili halikuwa na kosa lolote. Lilihitaji tu kusomwa linavyostahili:

`COPY wanachama FROM 'changombe.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER, ENCODING 'WIN1252')`

Mbagala walipakua majibu ya fomu ya mtandaoni wakayatuma bila kuyagusa. UTF-8 safi, likaingia kama lilivyo.

Kariakoo walikuwa na fomu ileile, lakini karani alilibofya faili mara mbili kulikagua kabla ya kulituma. Faili halikuwa na ile alama ya mwanzo, hivyo Excel ikalichukulia ni la Windows-1252. Ritifaa ya baiti tatu, E2 80 99, ikasomwa kuwa herufi tatu: â, € na ™. Karani akaona `Changâ€™ombe`, akajua kuna kasoro, akafanya jambo ambalo linaonekana la busara: akalisevu upya kwa chaguo la CSV UTF-8, ambalo liliingizwa kwenye Excel 2016. Kama angelisevu kama CSV ya kawaida, baiti zingerudi zilivyokuwa. Kwa kuchagua UTF-8 wakati huo, aliiagiza Excel iandike kwa uaminifu herufi zile tatu zisizo sahihi. â ni baiti mbili, € ni tatu, ™ ni tatu. Ndizo baiti nane. Na kwa kuwa faili lililotoka ni UTF-8 halali kabisa, hakuna kipimo cha usimbaji kitakacholikataa. Hapa UTF-8 haiwezi kukusaidia. Anayeweza ni msomaji anayejua kwamba Kiswahili hakina neno lenye €.

Kulirudisha faili la Kariakoo

Njia bora ilikuwa kupakua upya majibu ya fomu, lakini fomu ilikuwa kwenye akaunti ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Ikabidi tutengue. Kutengua ni kurudi nyuma kwa njia uliyopita: soma kama UTF-8, andika kama Windows-1252 ili upate baiti za mwanzo, kisha zisome kama UTF-8. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni kipande kifupi:

`jina.encode("cp1252").decode("utf-8")`

Uzuri wa kipande hiki ni kwamba kinajikagua. Jina la ASCII tupu linatoka kama lilivyoingia. Jina lililoharibika linatengemaa. Jina zima lenye ritifaa iliyopinda, mfano mistari michache ambayo karani aliiongeza kwa mkono baadaye, linatoa baiti 92 iliyosimama peke yake, kipande kinakataa, nasi tunaliacha jina hilo lilivyo. Tulikipitisha kila kisanduku kimoja kimoja. Kulipitishia faili lote kwa mkupuo kungekwama kwenye mistari hiyo mizima.

Kulikuwa na kizuizi kimoja kilichotuchukulia muda. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo walikuwa wameandika majina ya maduka ndani ya alama za kunukuu, mfano Duka la “Tumaini”. Alama ya kufungulia inatenguka vizuri. Ya kufungia ni E2 80 9D, na Windows-1252 haina herufi yoyote kwenye 9D. Windows yenyewe ilikuwa imeibeba baiti hiyo kama herufi ya udhibiti, lakini Python inafuata jedwali kikamilifu na inakataa kuirudisha. Kuna maktaba ya Python iitwayo ftfy yenye usimbaji uliolegezwa kwa ajili ya hali hii hasa, unaoitwa `sloppy-windows-1252`. Tulipoutumia, majina ya maduka yalirudi. Kijana alikuwa ameshauri tulipakie faili kwenye tovuti mojawapo inayotengeneza maandishi bure. Nilimkatalia, nikamweleza sababu: faili lina majina, simu na namba za vitambulisho vya watu waliotuamini, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. ftfy inaendeshwa kwenye kompyuta ya ofisini, data hazitoki mlangoni.

Majina ya wanachama wenye asili ya Kongo yalitengemaa kwa njia hiyohiyo. `AndrÃ©` likarudi kuwa André, `NoÃ«l` likawa Noël. Hawa wamezoea majina yao kuandikwa vibaya katika ofisi zetu, na sioni kwa nini iendelee hivyo wakati baiti zote zipo.

Hasara ambayo haikutenguka kwenye faili hili haikuwa ya herufi. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu za namba. Palipoandikwa bila vistari, Excel ilizigeuza kuwa kitu kama `1.98507E+19` na hivyo ndivyo ilivyozisevu. Hakuna usimbaji unaoweza kurudisha tarakimu ambazo hazimo kwenye faili. Zilitafutwa upya kwenye nakala za vitambulisho zilizomo katika majalada ya wanachama, na namba za simu zilizopoteza sifuri ya mwanzo zikarudishiwa. Tangu hapo, anayetaka kulitazama faili la CSV kwenye Excel pale ofisini halibofyi mara mbili. Anapitia menyu ya Data, analileta kama faili la maandishi, anachagua 65001 ambayo ndiyo UTF-8, na safu za namba anaziweka kuwa maandishi.

Kusoma sawa hakukutosha

Mafaili yote matatu sasa yalisomwa kwa usahihi, na bado Ng'wandu wa Chang'ombe na Ng'wandu wa fomu hawakulingana. Mmoja aliandikwa kwa ritifaa iliyopinda, mwingine kwa iliyonyooka. Nilipoorodhesha alama zote zilizotumika mahali pa ritifaa, nilikuta iliyonyooka, U+0027 (hiyo ni namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi). Iliyopindia kulia, U+2019. Iliyopindia kushoto, U+2018. Na mkwaju wa pembeni ya tarakimu 1, U+0060. Kila moja ni sahihi kwa usimbaji wake. Usimbaji unakupa herufi aliyoiandika mtu. Hauamui kwamba watu wanne walikusudia kitu kimoja.

Chama kikaamua kutunza U+0027, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwenye kila kibodi ya karani, na jina kama lilivyoandikwa mwanzo likabaki kwenye safu yake pembeni. Wapo wanaopendelea ritifaa iliyopinda kwa uzuri wa maandishi. Kwenye kitabu nakubaliana nao. Kwenye mfumo ambao mtu anatafutwa huku amesimama dirishani, chagua ile inayoandikika. Hapohapo tulizuia jambo lililokuwa limeanza kufanyika katika skripti ya usafi (programu fupi ya kusafisha data), la kuondoa ritifaa zilizo mwishoni mwa kisanduku zikidhaniwa ni alama za kunukuu zilizosahaulika: ilikuwa inaikata Hanang'.

Kwa kutafuta, tuliongeza safu inayojazwa na hifadhidata yenyewe, jina kwa herufi ndogo bila alama yoyote ya jamii ya ritifaa. Karani akiandika kwa namna yoyote, anapata. Lakini safu hiyo ni ya kutafutia tu. Anayeitwa Mang'ula na anayeitwa Mangula ni watu wawili. Kitafutio kitawaleta wote wawili, naye karani atachagua kwa namba ya uanachama na kitambulisho. Meneja alipouliza kama mfumo uwaunganishe wanaofanana ili kupunguza marudio, jibu langu lilikuwa hapana, na alilikubali alipoona mfano huo.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa mwepesi kuliko walivyotarajia. Tulihesabu mistari ya kila tawi kabla na baada ya kuingiza, kisha tukatoa orodha ya kila herufi iliyo nje ya ASCII iliyobaki ndani ya hifadhidata, na mara ngapi imeonekana. Kwa Kifaransa au Kireno orodha kama hiyo ingekuwa ndefu. Kwetu ni fupi, na kila herufi lazima iwe na mwenyewe: é ya André, ë ya Noël, ç ya François, alama za kunukuu za maduka. Ukiona Ã, ¢, ¬ au ™, au herufi yoyote kati ya U+0080 na U+009F, kuna mstari umeharibika, nawe unaujua ni upi. Kipimo hiki sasa kinaendeshwa kila faili jipya linapoingia, kabla halijafika kwenye jedwali la wanachama.

Yaliyobaki

Ndani ya orodha ya Chang'ombe kulikuwa na majina yenye alama ya kuuliza: `Andr?`, `Ir?ne`, `Nyang?hwale`. Hayo yalitoka kwenye programu ya zamani ya risiti iliyojua ASCII peke yake na kuandika `?` kwa kila herufi isiyoifahamu. Hapa baiti ya asili haipo tena. Imeandikwa 3F, alama ya kuuliza halisi, na zana zote nilizozitaja haziwezi kitu.

Meneja alitaka tuzijaze kwa kukisia. Kwa majina ya mahali nilikubali, maana Nyang'hwale ni wilaya inayojulikana na hakuna nyingine inayoweza kuwa. Kwa majina ya watu nilikataa. `Ir?ne` anaweza kuwa Irène au Iréne, na mtu anajua jina lake kuliko sisi. Tuliafikiana hivi: mistari hiyo imeingizwa ikiwa na alama ya "jina halijathibitishwa", makarani wanawapigia simu wahusika mmoja mmoja na kuwaomba wataje herufi kama zilivyo kwenye kitambulisho. Asiyepatikana kwa simu anaulizwa siku anapokuja kuweka akiba. Wakati huo wote akaunti yake inafanya kazi kama kawaida, anaweka na kutoa. Kinachosubiri ni kuchapishwa kwa jina lake kwenye mkataba wa mkopo.